Bajeti ya Njia ya Mwalimu Kerubo

Nimeacha kazi ya kabro kwa sababu ya magoti, si kwa sababu nimechoka kubishana. Nataka hilo lieleweke mapema, maana siku mliyoniandalia soda na keki pale kiwandani, watu watatu walisimama wakanisifu kwa upole, na mimi sijawahi kuwa mpole. Mmoja wenu hata akasema, "Mama Naomi hakuwa na maneno mengi." Nilikuwa nayo. Mengine ndiyo haya naandika sasa, nimekaa kibarazani kwangu upande wa Nyamira, miguu juu ya kreti, kama daktari alivyoagiza.

Mliniomba niwaandikie namna ya kumfanyia mteja bajeti ya njia ya kabro nyumbani kwake. Najua mnachotaka: urefu mara upana mara bei, basi. Wengine wenu siku hizi mnatumiwa picha kwa simu na mnajibu bei kabla chai haijapoa. Sitawaandikia hivyo. Picha haionyeshi mteremko, haionyeshi udongo, na haionyeshi ni nani atakayepita hapo. Nitawaeleza nilivyofundishwa, halafu nitawaeleza kazi moja ya Birongo iliyokaribia kunifukuzisha. Mkimaliza kusoma mnaweza kuendelea na simu zenu, lakini msiseme hamkuambiwa.

Siku yangu ya kwanza nilifika kiwandani nimevaa viatu vya kanisani, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa navyo. Msimamizi wa wakati huo alinitazama viatu, akanitazama uso, akasema wanawake wanabeba maji. Basi nikabeba maji. Kabro ni tofali la zege tu; ikitoka kwenye kalibu inaonekana imekauka, lakini ndani bado haijashika. Ukiiacha juani inakuja kuvunjika kama biskuti. Lazima inyweshwe asubuhi na jioni kwa siku kadhaa. Nilizinywesha kwa miezi mitano. Hadi leo naweza kugonga kabro mbili na kukwambia kwa mlio ni ipi iliyonyimwa maji.

Aliyenitoa kwenye ndoo ni Mzee Ramadhani, fundi mkuu wa kutandaza. Alizaliwa Kisii mjini, nyuma ya msikiti, kwenye familia ya wauza nguo. Ndugu zake wote walibaki dukani. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa na saruji kwenye kucha. Kiswahili chake kilikuwa cha nyumbani, changu kilikuwa cha darasani, na hakunionea huruma. "Kabro hizi, binti, si kabro hii kumi," alikuwa akinisahihisha huku mvua inatunyeshea. Wiki ya kwanza nilimwita Tata. Akauliza maana yake. Nikamwambia kwa Ekegusii tata ni baba, na baba ni mama. Aliweka nyundo chini akacheka mpaka akashika mbavu. "Basi usije ukaniita baba hata siku moja," akasema.

Kifaa alichokithamini kuliko vyote kilikuwa mpira wa maji. Ni bomba la plastiki angavu, refu, lililojazwa maji. Wewe unashika ncha moja juu ya mteremko, mwenzako anashika nyingine chini, maji yanatulia usawa mmoja pande zote mbili, na hapo unajua ardhi inashuka kiasi gani. Niliwahi kumwambia kwamba mimi naona mteremko kwa macho tu. "Macho yako yanataka kwenda nyumbani," akajibu. "Shika bomba."

Mwaka wangu wa pili alinipeleka kwenye nyumba moja mjini ambako njia ya gari ilikuwa imezama mistari miwili, sawasawa na magurudumu. Haikuwa imemaliza hata mwaka. Aliniambia nizing'oe kabro kwa mkono. Chini yake nilikuta mchanga wa unene wa kidole, na chini ya mchanga udongo mwekundu mtupu, laini kama ugali wa mgonjwa. Kabro zenyewe zilikuwa nzima kabisa. Mwenye nyumba alikuwa amesimama nyuma yetu akilaumu kabro.

"Umeona?" Mzee Ramadhani akaniuliza.

"Nimeona."

"Basi andika bajeti. Anzia hapo ulipopiga magoti."

Tangu siku hiyo bajeti zangu zote huanzia chini. Kwanza kuchimba, na udongo unaotoka unapelekwa wapi, maana wateja wengi hudhani udongo ukichimbwa unayeyuka wenyewe. Kisha mawe ya hadkoo yaliyovunjwa, kisha murram, ule udongo wa changarawe, na mashine ya kushindilia kila tabaka peke yake. Kisha kingo za pembeni, kwa sababu njia isiyo na kingo hutawanyika kama watu baada ya mkutano. Mtaro wa maji. Vumbi la kokoto la kulalia kabro. Kabro zenyewe ni za mwisho, ingawa ndizo mteja anazozijua, na ndizo atakazokuuliza rangi. Kama pesa hazitoshi, punguza rangi. Punguza urefu. Mwambie afanye nusu mwaka huu na nusu mwaka ujao. Usipunguze tabaka za chini. Huku kwetu mvua inanyesha alasiri karibu zote, nyumba ziko juu ya vilima, na udongo ukilowa hauna rafiki.

Nimesikia maombi ya kila aina. Mfanyabiashara mmoja alitaka njia nzima iwe ya jiwe la Tabaka ili wageni wajue yeye ni Mgusii. Nikamwambia jiwe la Tabaka ni laini, ni la kuchonga sanamu za viboko na sahani. Tairi likipita linasagika, na likilowa unateleza mpaka getini bila kuwasha gari. Hakufurahi. Wengine walinipokea getini, wakatazama nyuma yangu na kuuliza, "Fundi yuko wapi?" Nilikuwa nawajibu kwamba anakuja, halafu natoa futi na kuanza kupima. Wakati walipong'amua kwamba fundi ameshafika, nilikuwa nimefika kwenye mlango wa jikoni.

Sasa nije Birongo.

Wakati huo Mzee Ramadhani alikuwa amestaafu, macho yake yameanza ukungu, na mimi ndiye niliyekuwa mpimaji wa kiwanda. Bosi wetu alikuwa Makori. Wengi wenu hamkumkuta. Hakuwa mtu mbaya wa kupindukia. Alilipa mishahara na alihudhuria matanga. Lakini kabro alizitengeneza yeye, na mawe ya chini aliyanunua kwa wengine, kwa hiyo mapenzi yake yalikuwa upande mmoja.

Asubuhi moja alikuja ofisini mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, Mwalimu Kerubo, na daftari la mistari mkononi. Alitaka njia kutoka nyumbani kwake mpaka barabarani. Alikuwa ameambiwa na watu apime mita thelathini na nane kwa tatu na nusu. Alikuwa na laki mbili na nusu, sehemu ya kiinua mgongo chake, na alisema hilo waziwazi, jambo ambalo mteja asilifanye kamwe mbele ya bosi. Makori alimwandalia karatasi papo hapo. Ikatoka laki mbili na arobaini na tano. Mimi nikapewa karatasi niipeleke kwake Birongo, nipate sahihi.

Nilipoisoma nikiwa njiani niliona hakuna hadkoo wala murram. Kulikuwa na kusawazisha, mchanga, kabro.

Nyumba ya Mwalimu ilikuwa juu, katikati ya migomba, na chai ikianzia nyuma yake. Kutoka mlangoni mpaka barabarani ardhi ilishuka moja kwa moja, nyekundu, na mifereji ya mvua imeichana. Nilimpa Mwalimu ncha moja ya mpira wa maji. Aliishika kama alivyokuwa akishika chaki, bila utani. Tukashuka hatua kwa hatua. Nilipojumlisha, ikawa mita nne na robo.

"Mna gari, Mwalimu?"

"Hatuna. Wala hatutanunua."

"Basi njia hii ni ya nani?"

Alipanda kurudi nyumbani nami nikamfuata, akanionyesha mwanamume aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu barazani, kifua kipana, gazeti la zamani mapajani. Alikuwa mumewe, Mzee Ondieki. Miaka mingi alikuwa karani wa kituo cha kupimia majani ya chai. Miaka mitatu kabla ya siku hiyo mti wa mkaratusi ulikuwa umemwangukia mgongoni, na miguu yake ikaacha kumsikiliza. Mwanzoni vijana wa kanisa walikuwa wakija kila Sabato, wanne, wakimbeba mpaka barabarani. Siku moja mvua ikanyesha, mmoja akateleza, wote watano wakaenda chini kwenye matope na suti. Ondieki akasema hatabebwa tena. Tangu siku hiyo hakuwa ametoka nje ya boma.

Kulikuwa na mtu mwingine hapo barazani, shemeji yake Mwalimu, Nyakundi, kakake Ondieki. Alikuwa amekuja kusikia bei. Nilipomsalimu alinijibu, halafu akaendelea na mazungumzo kana kwamba mimi ni kiti.

"Shemeji, mimi nasema tena. Pesa hizo nunua ng'ombe wawili wa maziwa. Njia ya kabro kwa mtu asiyetoka nyumbani ni ya nini? Kuna siku moja tu gari litahitaji kufika mlangoni hapa, na sote tunajua ni gari gani. Siku hiyo tutamwaga murram kidogo, litapanda."

Alimaanisha gari la kuleta maiti. Alisema hivyo ndugu yake akiwa hatua mbili kutoka kwake, akimsikia. Mwalimu Kerubo aliweka trei ya vikombe mezani taratibu sana.

"Nyakundi," akasema, "kunywa chai, halafu nenda nyumbani kwako."

Alikunywa, kwa kweli, akamaliza, ndipo akaenda.

Ondieki alinyoosha mkono akaomba karatasi niliyokuja nayo. Akatoa kalamu kwenye mfuko wa shati. Nilikunywa chai yangu nikimtazama akishuka na kalamu mstari kwa mstari, midomo ikicheza kidogo, mpaka kalamu ikasimama.

"Mama, thelathini na nane mara tatu na nusu ni ngapi?"

"Mia moja thelathini na tatu."

"Hapa mmeandika mia moja sitini na moja."

"Kuna asilimia kumi, Mzee, ya kabro zinazokatwa na kuvunjika."

"Hiyo ingekuwa mia moja arobaini na sita. Mmeongeza kumi, halafu mkaongeza kumi juu ya ile kumi." Akaniangalia. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu aliyezoea kusoma mizani. "Ni makosa ama ni desturi?"

Nitawaambia ukweli, kwa sababu hakuna anayeweza kunifukuza sasa. Ile ilikuwa fomu ya ofisi. Nilikuwa nimeipeleka kwa watu miaka minne. Nilikuwa hodari wa kupima udongo, na sikuwahi hata mara moja kuijumlisha karatasi niliyokuwa naibeba. Nilisema, "Mimi sikujua. Lakini nilipaswa kujua." Akatikisa kichwa mara moja, kama vile nimemletea gunia lenye uzito sahihi.

"Na huku chini?" akauliza. "Mnaweka nini?"

"Kwenye karatasi hii, hakuna kitu."

"Na wewe ungeweka nini?"

Basi nikamweleza. Na jambo jingine nikamweleza, ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria, hata Mwalimu: kwamba njia ile ikinyooka ilivyopangwa, kila mita tisa inashuka mita moja. Gari lingepanda. Mtu kwenye kiti cha magurudumu angeshuka kama jiwe, na kupanda asingeweza. Nikamuuliza swali ambalo tangu siku hiyo nimemuuliza kila mteja.

"Mzee, wewe unataka njia hii ikufanyie nini?"

Alifikiri. "Nataka kufika barabarani bila kumwomba mtu. Na kurudi."

Tulikaa kwenye meza ile mpaka saa kumi. Mwalimu alichomoa karatasi katikati ya daftari lake. Ondieki alipiga hesabu, mimi nilitoa vipimo, na Mwalimu alikuwa anauliza maswali ya kijinga ambayo hayakuwa ya kijinga. Njia ikipinda kupitia kwenye migomba, ikawa mita hamsini na nne. Hapo mteremko unalegea, mita moja kwa kila mita kumi na mbili na kitu. Tukatenga sehemu mbili za tambarare, za kupumzikia, na mwanzo wa njia tukauinua mpaka usawa wa baraza. Upana tukaushusha mpaka mita moja na sentimita themanini: tuktuk inapita, gari dogo linapita likikazana, lori lisijaribu. Kabro za kijivu, za milimita sitini, hakuna nyekundu wala za maua. Za kukatwa, asilimia tano inatosha. Hadkoo kamili, murram kamili, kingo kamili. Jumla ikapita pesa zao kwa elfu ishirini na nane.

"Kuchimba," akasema Mwalimu Kerubo. "Futa kuchimba. Tutachimba wenyewe."

Nilipomrudishia Makori karatasi ile ya daftari, aliisoma amesimama.

"Gesare, nilikutuma sahihi."

"Ile ya kwanza ingezama msimu wa kwanza wa mvua."

"Ikizama wataita fundi. Toa hiyo hadkoo, rudisha upana. Huko chini nani anaona?"

"Mvua inaona. Na mwenye nyumba anajua kujumlisha. Ameona kumi iliyoongezwa mara mbili."

Alinirudishia karatasi. Halafu akasema kwamba kazi ya namna hiyo haina faida kwa kiwanda, kwamba hatatoa mashine wala mafundi, na kwamba nikitaka kufanya kazi ya hisani nifanye kwa muda wangu. Nadhani alitegemea nitatafuta kiti nikae nifikirie. Nikamwambia nina siku ishirini na moja za likizo ambazo sijachukua, nazichukua kuanzia Jumatatu. Akasema nikienda nisidhani nitakuta nafasi yangu. Nikasema sawa. Naomi alikuwa sekondari, na mshahara ule ndio uliokuwa ukimsomesha. Sikulala vizuri wiki hiyo, lakini sikurudi kuomba msamaha.

Kabro tulizinunua kwake Makori. Mwalimu alienda dirishani kama mteja mwingine yeyote na pesa taslimu, na Makori hajawahi kuzikataa. Mashine ya kushindilia tuliikodi Nyamira kwa mtu wa barabara. Wanawake wa kikundi cha Mwalimu walikuja na majembe, kumi na wawili, wakichimba na kuimba na kunisengenya kwa Ekegusii wakidhani kofia yangu ya chuma imeziba masikio. Nilimleta Mzee Ramadhani, nikamkalisha kwenye kiti kwenye kona ya chini na ncha ya mpira wa maji mkononi. Alikuwa haoni vizuri alama, kwa hiyo alikuwa akiyagusa maji kwa kidole ili ajue yamefika wapi. Alikula ndizi nyingi kuliko wachimbaji.

Siku ya tatu tulifika kwenye migomba. Ilibidi saba iondoke. Mwalimu alikuwa ameinua panga aliposimama Nyakundi mbele ya mgomba wa kwanza.

"Migomba hii ilipandwa na marehemu mama yetu," akasema. "Mnakata migomba ya ndugu yangu ili mumpeleke wapi?"

Wanawake waliacha kuimba. Mimi nilikuwa nafungua mdomo, na mngeyasikia hapa leo maneno ambayo ningeyajutia, lakini sauti ilitoka barazani. Ondieki alikuwa amesogeza kiti mpaka ukingoni kabisa, gurudumu la mbele likining'inia.

"Nyakundi! Unaniuliza mimi ama unauliza migomba?"

"Nakuuliza wewe, ndugu yangu."

"Basi njoo uniulize hapa nilipo. Miaka mitatu unamuuliza mke wangu habari zangu. Mimi sijafa. Migomba ni yangu. Kata, Mwalimu!"

Mwalimu akakata. Nyakundi alisimama pembeni mpaka wa saba, halafu akabeba mkungu mmoja uliokuwa umekomaa, akaenda nao. Hakuna aliyemzuia. Angalau alikuwa amebeba kitu.

Mvua ilitukuta siku ya nane, murram ikiwa haijashindiliwa upande wa chini. Tuliifunika kwa maturubai, na pale yalipopungua tukaifunika kwa majani ya ile migomba. Tukangoja siku mbili. Mmoja wa wale wanawake aliniuliza kwa nini tusiendelee tu, juu kumekauka. Nikamwambia akanyage. Akakanyaga, kiatu kikabaki. Tuliendelea kungoja. Siku ya kumi na saba nilipigilia kabro ya mwisho kwa nyundo ya mpira, tukafagia vumbi la kokoto kwenye mianya, na sikuwa na siku ya kujivunia kwa sababu magoti yalikuwa yamevimba kama maembe.

Nilirudi kiwandani likizo ilipokwisha. Futi yangu alikuwa amepewa mtu mwingine. Makori alinionyesha ndoo kwa kidevu. Basi nikainama nikanywesha kabro, kwa muda wa miezi miwili, nikiwa fundi wa miaka kumi na moja, na nilihakikisha naimba kwa sauti kila dirisha lake likiwa wazi. Wateja walianza kuuliza mama wa Birongo yuko wapi. Wa kwanza aliambiwa sipo. Wa pili aliniona nimeshika ndoo. Wa tatu alikuwa daktari kutoka Keroka, akasema hatalipa amana mpaka nipime mimi. Jioni hiyo Makori aliweka futi juu ya meza akaenda zake. Sikusema asante. Niliingia ofisini, nikachukua fomu, nikaukata mstari wa ile kumi ya pili kwa kalamu nyekundu, fomu moja baada ya nyingine, mpaka rundo likaisha. Alizikuta hivyo asubuhi. Hakuzichapisha upya na ile kumi ya pili.

Sasa, msidhani kazi ya Birongo ilikuwa kamilifu. Baada ya majuma ya mvua Mwalimu alinipigia simu: kwenye kona ya juu, pembeni, kabro kama ishirini zilikuwa zimelala. Nilijua sababu kabla hajamaliza kusema. Hapo ndipo niliposhindilia jioni ya mwisho ya mashine, nikiwa na haraka ya kuirudisha Nyamira. Kosa lilikuwa langu, si la mvua. Nilienda Jumapili, siku yangu ya mapumziko, na murram ndani ya tuktuk kwa gharama yangu. Kama umekosea, nenda ukang'oe mwenyewe. Usitume mtu.

Nilifika, Mwalimu akasisitiza nianze na chai. Ondieki alikuwa barazani. Alinisalimu, akauliza habari za Naomi. Mimi na Mwalimu tukaingia ndani. Nilikunywa vikombe viwili, nikala na viazi vitamu. Tulipotoka nje, barazani hapakuwa na mtu.

Mwalimu aliita. Akaita tena. Halafu akaanza kukimbia kwenye ile njia, mwanamke wa zaidi ya miaka sitini, kandambili zikipiga kabro, na mimi nyuma yake na magoti yangu. Tulitazama kila upande wa migomba. Tulitazama mtaroni. Kwenye tambarare ya kwanza hakuna, ya pili hakuna. Ondieki alikuwa amewahi kushuka na Mwalimu akishika kiti kwa nyuma, mara tatu nne, hadi nusu. Peke yake, hajawahi. Tukafika barabarani tukihema, na aliyesimama hapo alikuwa Nyakundi, mikono kiunoni.

"Amepita," akasema, kama mtu aliyeona ng'ombe akisoma gazeti. "Nimemwambia nimsukume. Amekataa. Amesema nikigusa kiti atanipiga."

"Amepita kwenda wapi?"

Akaonyesha sokoni.

Kutoka hapo barabara ni tambarare, ni mwendo mfupi tu hadi kwenye maduka. Tulitembea upesi, sote watatu, Nyakundi akiwa nyuma. Mwalimu alikuwa analia na kutukana kwa Ekegusii maneno ambayo hakuna mwalimu aliyewahi kuyafundisha. Tulichungulia dukani, tukachungulia kwa muuza mbolea, tukauliza kwa muuza mahindi ya kuchoma. Yeye ndiye aliyetuelekeza kwa kinyozi.

Alikuwa ndani, ameegeshwa mbele ya kioo, shuka jeupe shingoni, mashine ikinguruma nyuma ya sikio. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka, vimelala wazi juu ya shuka. Alituona kwenye kioo: mkewe na machozi, mimi na matope, kakake na mdomo wazi. Hakugeuka.

"Mwalimu, usinishike," akasema. "Ananyoa kwa bei nzuri. Miaka mitatu umenikata nywele kwa makasi ya kukatia karatasi, na sikulalamika."

Kinyozi akazima mashine, hajui kama aendelee. Mwalimu Kerubo alijifuta uso kwa kanga. Alitazama nje, upande tuliotoka, akatazama kichwa cha mumewe, nusu kimenyolewa, nusu bado.

"Na kurudi?" akauliza.

"Nitarudi nikimaliza. Kuna mahali pawili pa kupumzika. Huyu mama alipapima." Akamwashiria kinyozi aendelee, halafu akatuonyesha benchi la wateja. "Nyakundi, hebu sogea, unaziba mwanga. Kama unataka kunyoa, kaa hapo ungoje. Mimi nilitangulia."

Nyakundi akakaa.